Tunawafundishaje wanafunzi wa biashara kuifuata namba mpaka kwa aliyeihesabu?

Rafu ya Tatu (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu nawaletea wahadhiri, wakutubi na wanafunzi wa vitivo vya biashara. Ni mrefu, mnivumilie.

Mimi ni mkutubi, nahudumia kitivo cha biashara. Utaratibu tuliouzoea mnaujua: mhadhiri anaomba kipindi cha maktaba, mkutubi anapewa saa moja, anarusha kanzidata (hifadhi ya mtandaoni ya makala na takwimu) ukutani kwa projekta, anaonyesha pa kubofya, anagusia marejeo ya mtindo wa APA, darasa linatawanyika. Baada ya wiki kadhaa zinaingia kazi zenye sentensi za aina hii: "Soko la bidhaa hii linatarajiwa kukua kwa asilimia 8 kila mwaka hadi 2030." Ukifungua anwani iliyowekwa kama rejea, unakutana na ukurasa wa kuuza ripoti. Ripoti yenyewe mwanafunzi hajaiona, maana inauzwa kwa maelfu ya dola. Alichonukuu ni tangazo la ripoti.

Na huyo mwanafunzi kutafuta anajua. Alichotaka amekipata chapuchapu. Ukimwongezea kanzidata nyingine ya kubofya, hujamsaidia kitu.

Hoja yangu ni hii: kwa mwanafunzi wa biashara, stadi mama ya taarifa ni kuirudisha namba nyuma mpaka kwa mtu aliyeihesabu. Nani alihesabu? Alihesabu nini hasa? Lini, kwa njia gani, na nani alilipia hiyo kazi? Maneno ya kutafutia, kanzidata na uandishi wa marejeo vyote vifundishwe vikiitumikia kazi hiyo.

Kwa nini nasema wa biashara? Kwa sababu taarifa anazozihitaji mara nyingi ni mali ya mtu. Katika nchi nyingi kampuni binafsi hailazimiki kutangaza mauzo yake kwa kila mtu. Na anayetangaza kwa hiari huwa ana anachokiuza: mshauri anauza ushauri, benki inauza hisa, kampuni changa inatafuta wawekezaji. Hata dhana nzima ya stadi za taarifa ilianzia huko huko. Paul Zurkowski, aliyeiandika mwaka 1974 kwenye ripoti yake kwa tume ya taifa ya maktaba ya Marekani, alikuwa rais wa chama cha makampuni yanayouza taarifa, na aliowafikiria ni watu wanaotumia taarifa kufanyia kazi zao. Baadaye sisi wa maktaba tuliichukua tukaifanya somo la maktaba.

Niwape zoezi ninalolipenda kuliko yote. Karibu kila kozi ya uongozi ina slaidi inayosema asilimia 70 ya juhudi za mabadiliko katika mashirika hushindwa. Wape wanafunzi sentensi hiyo moja, waambie wairudishe nyuma. Wanaanza na blogu ya mshauri. Blogu inataja makala ya jarida la mameneja. Makala inataja makala nyingine. Hapo wengi hutaka kuishia, kwa kuwa jarida lina jina kubwa. Wasukume waendelee. Mmoja wapo wa mizizi ni kitabu cha Michael Hammer na James Champy cha 1993, na ukikifungua unakuta mambo mawili yanayolinyamazisha darasa. La kwanza, waandishi wametaja asilimia 50 hadi 70, na wenyewe wamesema ni makadirio yasiyo ya kisayansi. La pili, walizungumzia mashirika yaliyofumua na kuunda upya michakato yake ya kazi, na hawakuzungumzia mabadiliko ya kila aina. Mwaka 2011 Mark Hughes alichapisha makala kwenye jarida la kitaaluma la usimamizi wa mabadiliko akiwa amechambua machapisho matano yanayoitaja ile asilimia 70. Hakukuta ushahidi wa kuaminika nyuma ya hata moja.

Angalieni mwanafunzi amejifunza nini hapo. Amefuata marejeo kwenda nyuma, ametumia katalogi ya maktaba kupata kitabu cha zamani, ameona namna "50 hadi 70" inavyogeuka "70" na namna aina moja ya mradi inavyogeuka "mabadiliko yote". Na kanzidata ameitumia kwa sababu alikuwa anaihitaji.

Nawasilisha. Nataka kusikia wenzangu mnafanyaje, hasa mnaofundisha madarasa makubwa.

---

Mizania

Ndugu mleta mada, nakuunga mkono, na niongeze la upande wangu wa uhasibu. Nyaraka ya kwanza ya kuifundishia stadi hii iwe taarifa ya mwaka ya kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa. Ni ya bure, na ndani yake zimo sauti tofauti ambazo mwanafunzi huzisoma kama sauti moja. Mbele kuna picha na barua ya mwenyekiti. Kule hakuna hesabu zilizokaguliwa, na neno "faida" linaweza kuja limevaa kivumishi: faida iliyorekebishwa, faida ya msingi. Nyuma kuna taarifa za fedha zenyewe, ripoti ya mkaguzi, na yale maelezo ya hesabu kwa maandishi madogo ambayo hakuna anayeyafungua.

Zoezi langu: chukua namba moja ya faida kwenye barua ya mwenyekiti, nenda kaitafute kwenye taarifa ya mapato. Zisipolingana, niletee maelezo ya tofauti hiyo, na unitajie ni ukurasa gani. Kampuni zinazotoa taarifa kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ziko EDGAR, hifadhi ya mtandaoni ya mamlaka hiyo, bila malipo, na za Uingereza, hata zile binafsi, zinawasilisha hesabu Companies House, yaani kwa msajili wa kampuni wa huko, ingawa kampuni ndogo huruhusiwa kuwasilisha hesabu za muhtasari. Darasa lolote lenye intaneti linaweza kufanya hili.

Lakini nina tahadhari. Usiwafundishe kwamba safari inaishia kwenye muhuri wa mkaguzi. Wirecard ya Ujerumani, kampuni ya malipo ya kielektroniki, ilipata hati safi ya wakaguzi miaka mingi. Gazeti la Financial Times lilikuwa linaandika mashaka yake. Februari 2019 msimamizi wa masoko wa Ujerumani alipiga marufuku kwa miezi miwili biashara ya kubashiri kuanguka kwa hisa za kampuni hiyo, na baadaye akapeleka malalamiko dhidi ya waandishi. Juni 2020 ikabainika euro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwa benki hazipo. Mimi huwapa darasa nyaraka za mwisho wa Februari 2019 pekee: mkaguzi anasema hivi, msimamizi anafanya vile, gazeti linasema lake. Naweka swali moja: ni karatasi gani ambayo ungeiomba uione kwa macho yako kabla ya kuamua? Wenye akili ya kazi husema taarifa ya benki, itoke benki yenyewe moja kwa moja. Hilo ndilo jibu, na kwenye ukaguzi lina utaratibu wake kamili wa uthibitisho kutoka nje.

---

Chipukizi wa Uchumi

Heshima kwenu walimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, naomba niseme ya upande wetu.

Kwanza, maelekezo ya kazi ndiyo yanayotufikisha huko. Ukiambiwa "marejeo yasipungue 15 na yawe ya miaka 5 iliyopita," unafanya nini? Unaandika kwanza, halafu unatafuta marejeo ya kubandika. Nani atarudi mpaka 1993 wakati rejea ya 1993 inakatwa maksi kwa uzee?

Pili, mnasema tufuatilie namba. Je, kama namba haipo kabisa? Nilifanya mpango wa biashara wa viatu, nikatafuta ukubwa wa soko la viatu kwenye nchi husika, sikupata kitu zaidi ya yale matangazo ya ripoti. Hakuna aliyewahi kutufundisha cha kufanya unapokosa. Ndiyo maana watu wanadesa.

Tatu, akili mnemba. Wahadhiri wengi wanasema tu "msitumie," basi. Kila mtu anaitumia.

---

Rafu ya Tatu (mleta mada)

Mdogo wangu Chipukizi, umeyagusa yote ninayoyawaza usiku. Nianze na la pili, ndilo lenye nyama.

Namba ikikosekana, kazi ya mtu wa biashara ni kuijenga hadharani. Twende na viatu vyako. Kwenye takwimu za biashara ya nje bidhaa haitafutwi kwa jina, inatafutwa kwa msimbo. Mfumo wa HS unaotumiwa na forodha za karibu dunia nzima umeviweka viatu sura ya 64. Ndani yake 6402 ni vya mpira au plastiki, 6403 ni vyenye sehemu ya juu ya ngozi, 6404 ni vyenye sehemu ya juu ya kitambaa. Takwimu za viwanda nazo zina mfumo wao: kwenye ISIC, toleo la nne, utengenezaji wa viatu ni 1520. Mwanafunzi anayeandika "soko la viatu" kwenye Google na mwanafunzi anayeingia UN Comtrade, kanzidata ya Umoja wa Mataifa ya biashara ya nje, na 6403 mkononi hawatafuti kitu kimoja.

Kisha hesabu: uzalishaji wa ndani, jumlisha vilivyoingizwa, toa vilivyouzwa nje. Unapata makadirio ya viatu vilivyobaki nchini kwa matumizi. Hapo andika mapungufu yako waziwazi: magendo hayamo, mitumba unapaswa kuitafuta kwa msimbo wake, na thamani ya forodha si bei ya dukani.

Halafu kuna kipengele kinachofungua macho kuliko vyote. Angalia nchi A inasema imeuzia nchi B kiasi gani, kisha angalia nchi B inasema imenunua kiasi gani kutoka kwa A, mwaka uleule, msimbo uleule. Mara nyingi hazilingani. Sababu moja ni kwamba anayeingiza kwa kawaida huhesabu na gharama za usafirishaji na bima, anayeuza huhesabu bila hizo. Sababu nyingine ni bidhaa kupitia nchi ya tatu. Nyingine ni udanganyifu. Mwanafunzi akiiona tofauti hiyo kwa macho yake, hutahitaji kumhubiria tena kwamba takwimu zina mtengenezaji. Namba uliyoijenga hivi ukaitolea maelezo ni bora mara nyingi kuliko ile asilimia 8 ya kwenye tangazo, hata kama yako ina ukungu.

La marejeo 15: uko sahihi kabisa. Wahadhiri wenzangu, sharti la idadi liondoeni. Linazalisha mapambo. Na sharti la miaka 5 lina maana kwenye bei na mgawanyo wa soko kati ya kampuni, halina maana kwenye asili ya dhana.

La akili mnemba. Mwaka 2023 huko New York mawakili wawili waliwasilisha mahakamani hukumu zilizotungwa na ChatGPT, kesi ya Mata dhidi ya Avianca. Walitozwa faini ya dola 5,000. Cha kufundishia darasani ni kile kilichotokea katikati: mmoja wao aliuliza programu ileile kama kesi hizo ni za kweli, ikamjibu ndiyo. Yaani alimwomba shahidi ajithibitishe mwenyewe. Ni tabia ileile ya mwanafunzi anayesoma ukurasa wa "Kuhusu sisi" ili kujua kama tovuti inaaminika.

Watafiti wa Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwaketisha wanahistoria, wanafunzi wa chuo na wahakiki wa habari mbele ya tovuti zilezile wasizozijua. Wahakiki wa habari ndio waliofanya vizuri, na mbinu yao ilikuwa kuuacha ukurasa mapema, kufungua vichupo vingine na kuangalia wengine wanasema nini kuhusu mwenye ukurasa. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya ukurasa wakiusoma kwa makini, wakapotoshwa na nembo na mpangilio mzuri. Kwa akili mnemba ni vivyo hivyo: itumie kupata maneno ya kutafutia, misimbo inayoweza kufaa, majina ya taasisi zinazokusanya takwimu. Kisha toka nje uende ukathibitishe huko. Namba yake usiinukuu kamwe.

---

Mbobezi wa Masoko

Mkuu, nadharia safi, ila tuongee uhalisia. Nina darasa la mamia. Siwezi kusahihisha safari ya kila namba ya kila mwanafunzi. Na kuna wenzetu wanaoona hii ni kazi ya maktaba, si kazi ya kozi. Tunafanyaje?

---

Takwimu Hai

Kabla mleta mada hajajibu, nichomekee mfano mmoja wa bure. Aprili 2014 Nigeria ilibadili mwaka wa kizio wa Pato la Taifa, yaani mwaka ambao bei zake ndizo msingi wa hesabu, kutoka 1990 kwenda 2010. Pato likaongezeka kwa asilimia 89 kwenye karatasi, na nchi ikawa uchumi mkubwa kuliko yote Afrika. Hakuna kiwanda kilichojengwa usiku huo. Zilianza kuhesabiwa vizuri sekta kama simu na filamu, ambazo mwaka 1990 zilikuwa ndogo au hazipo. Mwanafunzi anayechukua namba ya ripoti ya zamani na ya ripoti mpya akachora mstari kati yake, anachora uongo bila kujua. Swali la "mwaka wa kizio ni upi?" lifundishwe wiki ya kwanza.

Na jingine: wafundisheni kuangalia kama makala imeondolewa jaridani. Kuna makala ya 2012 iliyodai kwamba mtu akisaini juu ya fomu kabla ya kuijaza anakuwa mkweli zaidi. Ilifundishwa sana kwenye tabia za watu kazini. Iliondolewa 2021. Nakala za PDF bado zinazunguka kama zilivyokuwa.

---

Rafu ya Tatu (mleta mada)

Takwimu Hai, asante, huo wa kizio nauchukua.

Mbobezi, swali lako ndilo gumu, na najibu kwa ninachokiona kinafanya kazi. Usisahihishe safari zote. Kila kikundi kichague namba moja tu, ile ambayo mpango wao wote unaiegemea. Mara nyingi ni ukubwa wa soko au kasi ya ukuaji. Namba hiyo waitengenezee cheti cha kuzaliwa cha ukurasa mmoja: ilikutwa wapi, waliyemkuta aliitoa wapi, mpaka kwa aliyehesabu, alihesabu nini, kwa sampuli gani au msimbo gani, nani alilipia, na kama safari imekatika, imekatikia wapi. Kipe kipengele hicho asilimia 20 ya maksi za kazi. Unasoma ukurasa mmoja kwa kikundi, na kwa darasa la mamia hizo ni kurasa chache.

Maksi zitolewe hata pale safari inapokatika. Hapa nasisitiza. Kikundi kikiandika "tumefika kwenye ripoti ya kulipia, hatukuweza kuiona, kwa hiyo tumejenga makadirio yetu kwa njia hii," kipewe maksi kamili. Ukiwakata kwa kukosa, utawarudisha kwenye kubandika, na utakuwa umewafundisha kwamba kuficha kunalipa.

Kuhusu kazi ni ya nani: mhadhiri ndiye anayejua ni namba gani zinabeba uamuzi kwenye fani yake, mkutubi ndiye anayejua zinakusanywa na nani na zinahifadhiwa wapi. Saa moja ya mkutubi ihamishwe kutoka wiki ya kwanza, wakati wanafunzi hawana swali, ipelekwe wiki ambayo vikundi vimeshakwama. Nimeona tofauti ya darasa: wiki ya kwanza wanachezea simu, wiki ya kukwama wanakuzuia usitoke mlangoni.

---

Mizania

Naongezea kwa Mbobezi. Wanafunzi wasahihishane kwanza. Kikundi B kichukue ukurasa wa kikundi A kijaribu kuirudia safari. Wakishindwa kufika, warudishe. Makosa ya ovyo yanaishia hapo kabla hayajafika mezani kwako.

Na kuna kisa kinachofaa kuwapa moyo. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu pale Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alijaribu kurudia kama kazi ya kozi matokeo ya makala maarufu ya wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff ya 2010 kuhusu deni la taifa na ukuaji. Ikamkatalia. Akawaandikia wenyewe, wakampa lahajedwali yao (faili la Excel), akakuta fomula ya wastani imeziacha nje nchi tano. Ukijumlisha na data nyingine zilizoachwa na namna walivyozipa nchi uzito kwenye wastani, ukuaji wa nchi zenye deni la zaidi ya asilimia 90 ya pato ulitoka asilimia hasi 0.1 ukawa asilimia chanya 2.2. Makala hiyo ilikuwa ikitajwa na wanasiasa wakitetea kubana matumizi. Mimi huwaonyesha wanafunzi picha ya lahajedwali ile, na ile fomula inayoishia mistari mitano kabla ya mwisho.

---

Chipukizi wa Uchumi

Walimu, asanteni sana. Swali la mwisho kwangu: hili lianze mwaka gani? Sisi tumelisikia mwaka wa tatu tukiwa kwenye utafiti, na tumeshachelewa.

---

Rafu ya Tatu (mleta mada)

Mwaka wa kwanza, mdogo wangu, lakini si kama kozi ya kujitegemea. Kozi ya kujitegemea inakaririwa, inafanyiwa mtihani, inasahaulika. Mwaka wa kwanza ile namba moja ya slaidi, kama asilimia 70 niliyoisema juu. Mwaka wa pili taarifa ya kampuni kwa mtindo wa Mizania. Mwaka wa tatu namba isiyokuwepo, ya kujengwa kwa misimbo. Kila hatua ndani ya kozi iliyopo tayari.

Na wewe ambaye utafiti umeshaanza: fungua rasimu yako leo, tafuta ile namba ambayo ukiiondoa sura ya kwanza inaanguka, anza na hiyo. Ukikwama kwenye msimbo, ulete hapa.